Kompyuta ya Marehemu Baba Haikuwa Imekufa

Barua ya mdogo wetu wa kike ya kuitwa chuoni ilifika mwishoni mwa Septemba 2025, wakati vumbi la kiangazi limetanda Sumbawanga nzima na upepo wa kutoka milima ya Mbizi ukilipenyeza hadi ndani ya vyombo vya jikoni. Tulifurahi, tukamshukuru Allah, kisha tukafungua ukurasa wa pili. Pamoja na ada, godoro na sare, palikuwa na mstari mmoja uliotunyamazisha: kila mwanafunzi aje na kompyuta mpakato.

Tumezaliwa wanne kwa baba mmoja na mama mmoja, wa kiume wawili na wa kike wawili. Baba yetu alirejea kwa Mola wake miaka miwili iliyopita. Usiku ule, baada ya sala ya Isha, tuliketi mkekani kwa mama, Majengo, tukaanza kuchangishana. Aliyeuza mahindi alitoa ya mahindi, aliyeajiriwa alitoa sehemu ya mshahara, na baada ya wiki moja zilipatikana shilingi 650,000. Zingetosha kununua kompyuta iliyotumika lakini ya miaka ya karibuni. Ili kuongezea kidogo, tuliafikiana kuuza ile kuukuu ya baba iliyokuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa alichofuma mama.

Kompyuta hiyo baba aliinunua Mbeya mwaka 2015, nayo ilikuwa imekwisha kumtumikia mtu mwingine kabla yake. Aliiweka dukani kwake alipouza mbolea na mbegu, ikawa mwandishi wake wa hesabu. Hata hivyo, katika siku zake za mwisho ilikuwa mzigo. Ulipoiwasha uliweza kutia udhu, ukasali rakaa mbili za sunna, ukarudi na kuikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Iliunguruma kama mashine ya kusaga na kuunguza mapaja ya aliyeipakata. Umeme ulipokatika ilizimika papo hapo, kwa kuwa betri yake ilikuwa pambo tu. Nasi watu wa Rukwa tunakujua kukatika kwa umeme. Kwa miaka mingi umeme wa mji wetu ulitoka nchi jirani ya Zambia, ukipitia Mbala, na giza lilipotuingilia hatukuwa na wa kumuuliza.

Tuliipeleka kwanza kwenye duka moja mjini. Kijana aliyetupokea aliiwasha, akasubiri kidogo, akaizima.

"Hii imeshakufa, kaka zangu. Nawapeni 40,000, niitoe spea."

Tulikaribia kuzipokea. Kilichotuzuia haikuwa hekima; tuliiona bei kuwa ndogo, basi tukaondoka ili tuulize kwingine.

Fundi wa pili hakuwa na duka. Alikuwa na meza chini ya baraza, karibu na soko, na juu yake bisibisi ndogo ndogo zilizopangwa kama sindano za mshonaji. Ni mtu mzima mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi. Aliiwasha ile kompyuta, akainamisha sikio, kisha akatuashiria nasi tusikilize. Palikuwa na mlio mdogo kama wa ukucha unaogonga kopo: tik, tik, kimya, kisha tik tena.

"Hiyo ni diski," alisema. "Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu ya sahani kuna kichwa chembamba kinachosoma kilichoandikwa. Kichwa hicho kimeanza kupotea njia. Sasa, wanangu, kabla hatujazungumza habari ya bei, niambieni: humu ndani mna nini?"

Tulitazamana. Watoto wanne wa mtu mmoja, na hakuna aliyejua.

"Basi sitaigusa kwa jambo jingine lolote mpaka tutoe kilichomo," alisema. "Mashine inanunuliwa. Alichokiandika marehemu hakinunuliwi."

Aliifungua, akaitoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe. Alituonya kwamba diski inayogonga haipaswi kuwashwa na kuzimwa ovyo, kwa sababu kila inapoanza kuzunguka huenda ikawa ndiyo mara yake ya mwisho. Kazi ya kunakili ilianza baada ya Adhuhuri na kumalizika Magharibi ikikaribia. Baadhi ya picha zilikataa kutoka. Mafaili mengi, Alhamdulillah, yalitoka salama, nayo yakahifadhiwa mahali pawili: kwenye diski ya nje na kwenye fleshi ya mdogo wetu.

Usiku tuliyafungua kwa kompyuta ya kuazima. Palikuwa na orodha za mbolea, barua za maombi ya mkopo, ratiba ya darsa za Ramadhani. Na palikuwa na faili moja lenye jina la neno moja tu: AMANA.

Ndani yake mlikuwa na mistari sita. Mitano ilikuwa na tarehe na neno "imerudishwa". Wa sita haukuwa nalo. Ulitaja shilingi 480,000 za mama mmoja wa Laela, mjane, aliyemwachia baba fedha za maharage yake ili zisiishe mikononi. Tarehe yake ilikuwa wiki sita kabla baba hajaanza kuugua.

Ndugu msomaji, mirathi tulikuwa tumekwisha kuigawa. Madeni tuliyoyajua tuliyalipa kwanza, kama dini yetu inavyoamuru, kwani deni la maiti hutangulia fungu la mrithi. Hili hatukulijua. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, wala mtu aliyekuja kudai. Fedha pekee iliyokuwapo mikononi mwetu ilikuwa ile tuliyomchangia mdogo wetu, na chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi ujao. Hatutasema kwamba hakuna aliyewaza kunyamaza. Palipita kimya kirefu pale mkekani, na kila mmoja wetu anajua alichokuwa akikiwaza katika kimya kile.

Mama ndiye aliyekivunja. "Baba yenu amelala na deni hili miaka miwili," alisema. "Mnataka mumwongezee usiku mwingine?"

Tulipiga hesabu kwa mafungu yale yale tuliyorithi. Thumni ya mama ilikuwa 60,000, nayo tuliibeba sisi watoto. Sisi wa kiume 140,000 kila mmoja, na wa kike 70,000 kila mmoja. Mdogo wetu, ambaye kompyuta ilikuwa yake, alikuwa wa kwanza kusema fedha zitolewe kwenye mchango, kisha tuandikiane sisi kwa sisi. Jumapili tukapanda basi la kuelekea Tunduma, tukashuka Laela.

Yule mama alitukaribisha, akatupa maji, akazihesabu fedha mara mbili. "Msiba ulipokuwa mbichi niliona haya kuwakumbusha," alisema. "Baadaye nikaona haya zaidi, nikasema hawa wamekwisha kugawana." Kisha alimwombea baba maghufira, tukaitikia amin.

Tulirudi Sumbawanga na shilingi 170,000. Kwa fedha hizo hainunuliwi kompyuta ya mwanafunzi. Ile kuukuu, ambayo wiki mbili kabla tulitaka kuiuza kwa 40,000, ilikuwa sasa haina budi kuishi.

Fundi alipolisikia hilo alicheka kidogo, akasema jambo ambalo limetukaa moyoni: kitu hakizeeki chote kwa siku moja. Katika kompyuta ile, alisema, kilichochoka ni diski, betri na pumzi. Prosesa yake ilikuwa bado inafikiri vizuri, kioo hakikuwa na doa, na vitufe vyote viliitikia. Aliyesema imekufa alikiona kiungo kimoja kinachouma, akaandaa sanda.

Maneno hayo hayakuwa mageni katika ardhi yetu. Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, yaliyoitwa malungu, yakivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, kwa mivukuto na makaa. Mabaki ya matanuru hayo yangali yakionekana katika uwanda huu. Mtu aliyekipata chuma kwa jasho kama hilo hakulitupa jembe kwa kuwa makali yamelika, alilirudisha motoni. Mji wetu una jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Uchawi na utupwe. Jembe halikuwamo katika amri hiyo.

Kazi ilianza kwa pumzi, kwa sababu haikuhitaji kununua kitu. Fundi alifungua kifuniko cha chini na kutuonyesha feni. Vumbi la Sumbawanga lilikuwa limeganda kwenye mapezi ya kupoozea joto kama blanketi. Alilitoa kwa brashi laini, akiishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kisha aliifuta dawa iliyokauka kati ya prosesa na bamba la kupoozea, akapaka mpya, tone lisilozidi punje ya mchele. Alitueleza kwamba prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Hivyo sehemu ya uzito tuliodhani ni uzee ilikuwa ni vumbi tu.

Baada ya hapo ilikuja diski. Ile ya sahani iliondolewa, ikawekwa mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, SSD. Ya gigabaiti 240 ilitugharimu 75,000. Umbo lake ni lile lile la inchi 2.5, hivyo ilikaa mahali pa ile ya zamani bila kuchongwa chochote. Kwa kuwa haina sahani wala kichwa, haigongi, haiungurumi, na haiogopi kutikiswa ndani ya basi. Fundi alisema kwamba mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu katika kompyuta ya zama zile na abadilishe hicho.

Katika kuongeza RAM, yaani ile kumbukumbu ambamo kompyuta huweka kazi inayoifanya kwa wakati huo, tuliingia makosani kwa haraka zetu. Yetu ilikuwa na gigabaiti 4. Bila kumuuliza fundi tulimwagiza jamaa aliyeko Mbeya atununulie nyingine ya 4 ili ziwe 8. Ilifika kwa basi, tukaipachika, na kompyuta ikakataa hata kuwaka. Tulidhani tumeiua kweli. Fundi alivaa miwani, akasoma maandishi madogo, akatuonyesha: RAM mbili zaweza kuwa za kizazi kimoja na kufanana umbo, lakini moja ikataka volti 1.5 na nyingine volti 1.35. Kompyuta yetu ilitaka ya pili. Muuzaji alikubali kuibadilisha, tukapoteza nauli ya kifurushi na siku nne. Ya sahihi ilikuwa 35,000. Tangu hapo tunamshauri kila mtu aing'oe ile ya zamani na kuipiga picha kabla hajaagiza mpya.

Betri ilikuwa 50,000, na ufundi 25,000. Jumla ikafika 185,000. Zilipungua 15,000, na fundi alikubali kuzisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Tuliandikiana, maana sasa tulikuwa tumejifunza kuandikiana.

Lilibaki suala la mfumo endeshi. Kompyuta ile ilikuwa ikitumia Windows 10, na Oktoba 14, 2025, kazi yetu ikiwa katikati, Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, lakini huacha kupokea marekebisho ya usalama, na mlango usiofanyiwa marekebisho huwakaribisha wezi. Kampuni iliweka mpango wa kurefusha marekebisho hayo kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 13, 2026, kwa anayejiandikisha. Windows 11 haikuwezekana kwa njia halali, kwani hutaka prosesa za miaka ya karibuni na kijenzi maalumu cha usalama ambacho yetu haina. Fundi alipendekeza Linux Mint, mfumo unaotolewa bure, ambao gigabaiti 4 za RAM huutosha, pamoja na LibreOffice kwa kuandikia na kupigia hesabu.

Mdogo wetu aliogopa. Alidhani atakwenda chuoni na kitu kigeni ambacho wenzake watakicheka. Fundi alimwambia kwamba programu hizo si ngeni hata kwetu: mwaka 2004, katika mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka programu ya ofisi yenye Kiswahili kitupu, Jambo OpenOffice, na LibreOffice ni tawi lililochipuka mwaka 2010 katika shina hilo hilo la OpenOffice. Kisha akamweka kwenye benchi lake kila alasiri kwa siku tano, akiandika, akihifadhi, akichapisha. Alijifunza pia kwamba kazi ya kumkabidhi mwalimu ihifadhiwe kama PDF, isije mistari ikahama inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Sasa kompyuta ya baba huwaka kabla hujamaliza kusoma Bismillah na Alhamdu. Haiunguzi mapaja. Umeme ukikatika humpa mwanafunzi saa tatu za kumalizia aya yake. Haifai kuhariri filamu wala michezo mizito, na hatukumwahidi kwamba itafaa. Kuandika, kusoma, kutafuta elimu kwenye intaneti na kupiga hesabu inaweza, na ndiyo mahitaji ya masomo yake.

Hatusemi kwamba kila kompyuta kuukuu ifufuliwe. Bodi kuu ikiwa imekufa, au gharama ikizidi nusu ya bei ya nyingine iliyo bora, fundi mwaminifu atakwambia uache. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, haiongezwi; basi anayenunua leo aulize hilo kabla ya kutoa fedha. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni. Iondolewe na ikabidhiwe kwa mwenye kuijua. Na ambaye hana fedha ya kutosha afuate mpango wa fundi wetu: kwanza nakili kilichomo, kisha safisha, kisha diski, kisha RAM, na betri mwisho. Vitano hivyo si lazima vifanywe siku moja.

Lakini kabla ya kusema imekufa, tuulize ni kiungo gani kinachouma. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kuwa mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na sehemu isiyofika robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya taka hizo mna risasi na zebaki zinazoingia ardhini na majini. Sisi tumekatazwa israfu hata katika kula na kunywa, na Sura ya Al-Israa imewakemea wabadhirifu kwa ukali unaotetemesha. Tena imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake. Aliyekuwa mbora wa viumbe hakuona aibu kutengeneza. Sisi tunaona aibu kwa nani?

Mdogo wetu aliondoka mwanzoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimelituliza vumbi. Usiku wa kuagana alituomba tuketi tena pale mkekani. Alifungua kompyuta, akaanzisha faili jipya kwa jina lile lile alilolitumia baba, akatugeuzia kioo mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliandika anachodaiwa, anachodai, na alichowekewa. Mama, asiyejua kuchapa, alitutajia: sahani mbili za jirani, na shilingi 3,000 za muuza dagaa. Za fundi, 15,000, ziliandikwa juu kabisa. Tulichapisha nakala mbili: moja iko katika sanduku la mama, na nyingine kwa kaka mkubwa.

Kompyuta ile itakufa siku moja, kama sisi. Tulichofanya ni kuhakikisha kwamba itakapokufa haitaondoka na haki ya mtu. Tunamwomba Allah amrehemu baba yetu, amfungulie mdogo wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie sote tuwe wenye kurudisha amana kabla ya kudaiwa. Amin.